Mwalimu Bado Hajakaa

Sifuri ni sifuri, hata mtoto wa chekechea anajua. Timu yako ikifungwa tano kwa sifuri, huhitaji mtu wa kukufafanulia. Kwa hiyo fundi wa video alipofika kwenye kisanduku kilichomuuliza picha irudie mara ngapi, aliandika sifuri bila hata kujikuna kichwa. Mwenye duka alikuwa amemwambia wazi: picha icheze mara moja, ikome, mteja abaki anakitazama kiti. Isirudie. Basi, sifuri. Hakujua kwamba waliobuni picha za namna hiyo wana hesabu zao, na kwamba katika hesabu zao sifuri maana yake ni milele.

Tumsamehe kidogo. Video alikuwa anaziweza. Angekupa harusi ya mvua ikaonekana ya jua, angemtoa mjomba mlevi kwenye hotuba hata mwenyewe akaapa kwamba hakuhudhuria. Lakini tovuti ya duka la samani haikutaka video. Ilitaka ile picha ndogo inayocheza yenyewe, bila sauti, bila kubonyezwa, ambayo watu wa kazi hiyo huiita GIF. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitengeneza, na hakutaka mtu ajue, maana fundi anayeuliza maswali hupunguziwa bei.

Alikuwa sebuleni, kwenye meza aliyogawana na cherehani ya mkewe. Kompyuta ikianza kusaga kazi nzito, mkewe haruhusiwi kuwasha pasi, la sivyo umeme unakatika nyumba nzima. Kwa hiyo siku hiyo kulikuwa na rundo la sketi za wateja zenye makunyanzi, na pembeni yake mke mwenye makunyanzi usoni.

"Bado tu?" mkewe aliuliza.

"Inakataa. Inasema faili ni kubwa mno."

"Si uipunguze?"

"Unafikiri nafanya nini hapa, nacheza bao?"

Alipunguza upana. Tovuti ikakataa. Akapunguza idadi ya fremu, zile picha moja moja zinazojenga mwendo, mwendo ukawa wa kurukaruka. Ikakataa. Akapunguza rangi, kutoka rangi zote za dunia hii hadi chache za kuhesabika. Hapo kiti kilibaki chekundu safi, lakini uso wa mama aliyekuwa anakikalia ukawa mabakamabaka. Ikakataa, tena ilikuwa imezidi kitu kidogo tu. Mwishowe alifanya kile ambacho mkewe hufanya kitambaa kikimpungukia: akakata chini. Akaondoa kipande cha mwisho cha video, tovuti ikakubali, fundi akashusha pumzi, mke akawasha pasi.

Kipande kilichoondolewa ndicho kilichoonyesha mama akikaa.

*

Na mama mwenyewe alikuwa mama mkwe wake. Si kwamba alipanga kumtumia. Mrembo aliyekodiwa hakutokea siku ya kupiga video, na mama mkwe alikuwa amepita dukani kumrudishia binti yake, aliyekuwa amefuatana na mumewe, ufunguo. Mwenye duka akamwona, gauni la buluu lililonyooka na mgongo ulionyooka zaidi ya gauni, akasema heshima kama ile haikodishwi. Mwenye duka huyu watu walimwita Mwenyekiti, na si kwa sababu aliwahi kuongoza kikao chochote.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Mji mzima ulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha, na wale aliowafundisha walimwita hivyo huku wakitafuta pa kuficha mikono. Siku ile dukani alikisogelea kiti, akageuka, akashuka taratibu, akafika katikati, akainuka.

"Imetosha," alisema.

"Mama, hujakaa," Mwenyekiti alisema kwa upole. "Hebu rudia kidogo tu."

"Mimi sirudii."

Waliokuwa karibu walijua kwamba Mwalimu akishasema hivyo, mjadala umefungwa na chaki imewekwa. Basi fundi akatumia ujanja wa kazi. Alimfunga Mwenyekiti kitambaa cha buluu kiunoni, akampiga picha za karibu, makalio tu yakishuka na mto wa kiti ukibonyea. Ukiunga vipande viwili, Mwalimu anashuka, mto unabonyea, na hakuna mtu duniani angejua kwamba katikati ya safari abiria alibadilishwa. Video ilitoka safi. Lakini makalio yalikuwa kwenye kile kipande cha mwisho, na kipande cha mwisho kilikatwa, na sifuri ikaandikwa.

Kwa hiyo pale kwenye tovuti Mwalimu alianza kukaa. Akashuka, akafika katikati, picha ikarudi mwanzo, naye akawa amesimama tena kama aliyeghairi. Akaanza tena. Mchana kutwa na usiku kucha, wateja wakiwepo na wasipokuwepo, Mwalimu alikuwa anakaribia kukaa.

*

Watu wana kazi zao, lakini jambo la kuchekesha hulitafutia nafasi. Mmoja aliiona kwenye tovuti, akaitoa, akamtumia mwenzake, na kabla wiki haijaisha ilikuwa kwenye kila simu yenye uhai. Walikuwa wanaiandikia maneno chini. "Mimi nikiamua kuanza mazoezi." "Mshahara ukikaribia kuingia." "Umeme ukisema unarudi." Wengine hawakuandika chochote, waliituma hivyo hivyo, na aliyetumiwa akavunjika mbavu peke yake ofisini.

Mwalimu alikuwa na simu ya kupigia na kupokea tu. Habari zilimfikia kwa njia nyingine. Benki, karani aliyemfundisha darasa la tano alitoka nyuma ya dirisha akiwa amebeba kiti mwenyewe. "Karibu ukae, Mwalimu," alisema, na foleni nzima ikageuka. Ukimya uliofuata Mwalimu aliufahamu vizuri. Ni ule wa darasa ambalo limepaka kitu kwenye kiti cha mwalimu na linasubiri. Akasema anashukuru, atasimama. Zahanati, nesi alimpangusia benchi, na nyuma ya faili la mgonjwa mwingine ikainuka simu kidogo, jicho lake likimtazama. Akasema anashukuru, atasimama. Kwenye kikao cha wastaafu mzee mwenzake aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule alimwashiria kiti kwa mikono miwili, na mabega yake yakatetemeka. Mwalimu akatoka.

Jirani yake ndiye aliyemwonyesha hatimaye, kwa nia njema kabisa, kama majirani wafanyavyo wakiwa na jambo baya. "Mwalimu, umekuwa maarufu!" Mwalimu aliishika ile simu kwa mkono ulionyooka, akaitazama kwa muda mrefu.

"Sasa hapa nakaa saa ngapi?" aliuliza.

"Hukai, Mwalimu. Ndio utamu wake."

Alirudisha simu, akachukua mkoba wake, akaenda kwa binti yake.

*

"Hodi."

Fundi aliruka kutoka kwenye kompyuta. "Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

"Karibu sana, karibu uka..." Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akalimalizia kwa sauti ya chini, "...ukae."

Mwalimu alimtazama. Kisha alilisogelea kochi, akageuka, akaweka mkoba, akaanza kushuka. Na fundi, Mungu amsamehe, akauma mdomo. Hakutaka. Alimpenda mama mkwe wake na kumwogopa kwa kiasi kile kile, lakini alikuwa ameitazama picha ile siku nzima akijaribu kuikomesha, na sasa hii hapa, inacheza sebuleni kwake. Mkewe naye akainua macho akaanza kuchunguza dari. Mwalimu alifika katikati, akawaona wote wawili, akainuka.

"Cheka, baba. Utapasuka."

"Sicheki, mama."

"Mdomo haucheki. Pua inacheka."

"Mama, kaa bwana," mkewe alisema, akimshika mkono. "Ni kosa dogo tu la kompyuta."

"Kompyuta ndiyo iliyoniacha nimening'inia?"

Fundi akaona heri aseme ukweli, akaeleza habari ya kisanduku na sifuri. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kidogo upande, kama alivyowasikiliza waliodai mbuzi amekula daftari.

"Kwa hiyo sifuri maana yake ni milele."

"Kwa hizo picha, ndiyo, mama."

"Nani aliamua?"

"Waliozitengeneza."

"Basi na hao wakae chini wafikiri upya. Wao wana bahati, wanaweza kukaa." Alichukua mkoba wake kutoka kwenye kochi. "Sasa nisikilizeni. Kila ninapokwenda watu wanasubiri nikae ili wacheke. Nimekuja kwa mwanangu, nako wanasubiri. Basi mimi sikai. Sikai benki, sikai kwangu, sikai hapa. Mpaka unikalishe kule ulikoniacha, mkwe wangu, ndipo nitakaa. Na sirudi nyumbani. Nitasimama papa hapa nikikuangalia unavyofanya kazi."

*

Fundi alikwenda dukani asubuhi na mapema. Mbele ya kiti chekundu alikuta vijana wawili, mmoja anashuka na kuinuka, mwingine anampiga picha. Walipomaliza walimshukuru Mwenyekiti, wakaenda zao.

"Unaona?" Mwenyekiti alisema, akisugua viganja. "Tangu nifungue mlango, hao ni wa nne."

"Wananunua?"

"Wanakuja. Kununua kutafuata. Biashara asubuhi, jioni mahesabu."

"Mzee wangu, nimekuja kukuomba tuitoe ile picha. Mama mkwe hakai."

"Najua hakai! Ndio uzuri wake!"

"Nyumbani, mzee. Hakai nyumbani. Amesimama tangu jana."

Mwenyekiti alifikiri, na ilionekana wazi hakuwa anafikiria jambo hilo. Alimzungusha fundi mkono begani akampeleka upande wa vitanda. Alitaka nyingine, alisema. Mzee aliyevaa pajama anayekaribia kulala. Anainua shuka, anaweka goti, anashuka. Anainua shuka. Na kwa upande wa meza za chakula, familia nzima inayokaribia kula. Vijiko vinapanda, vinakaribia mdomoni, vinashuka.

"Hiyo ya familia inayokaribia kula haihitaji fundi," alisema fundi. "Ukipita mtaani kwetu unaiona bure."

"Una mzaha wewe. Nitakulipa mara mbili."

Fundi alikuwa na kodi ya nyumba inayomkodolea macho, na lile "mara mbili" lingeyafumba. Lakini alimkumbuka mama mkwe wake amesimama karibu na jokofu na mkoba mkononi. Akasema hapana, kwanza hii. Wakavutana mpaka Mwenyekiti akalegea kidogo.

"Haya. Niletee nyingine ambayo mama anakaa, lakini ivute watu kama hii. Ikivuta, nabadilisha. Isipovuta, mama ataendelea na kazi yake. Tena ya nini kuhangaika? Si unayo makalio yangu?"

*

Nyumbani mambo yalikuwa yamechukua sura yake. Mwalimu alikula amesimama, sahani juu ya jokofu. Alitazama taarifa ya habari amesimama nyuma ya kochi. Na ni nani atakayejibwaga kochini huku mama mkwe amesimama nyuma ya kisogo chake? Fundi akaanza kusimama naye, kwanza wakati wa habari, halafu wakati wa chakula, halafu akajikuta anafanya kazi kompyuta ikiwa juu ya kabati. Mkewe alijaribu kushona amesimama, sketi ikatoka na mfuko mgongoni. Mteja aliyeifuata sketi hiyo alifungua mlango, akawakuta watu watatu wamesimama kimya sebuleni katikati ya viti vitupu. Akavua kofia.

"Poleni," alinong'ona. "Ni nani aliyefariki?"

Usiku Mwalimu alikwenda kwenye chumba alichopewa akafunga mlango kwa ufunguo, kisha kikasikika kishindo kilichotikisa ukuta. "Mama, kuna nini?" binti yake alipaza sauti. "Mto umeanguka," ikaja sauti. Usiku uliofuata, kishindo tena. "Mto." Walikubaliana kwamba ni mto mzito, wakalala.

Lakini miguu ilivimba. Ilianza vifundoni, ikapanda, viatu vikakataa, Mwalimu akawa anasimama na ndala za mkwe wake. Mkewe alimvuta fundi jikoni akafunga mlango.

"We bwana, umeiona miguu ya mama?"

"Nimeiona."

"Umeiona, na bado unapepesa macho. Mama yangu akianguka kwa ajili ya kiti cha watu, utabaki na nyumba yako. Utakaa peke yako. Tena utakaa vizuri, viti vyote vitakuwa vyako."

Alisema hivyo bila kupaza sauti, na fundi akajua kwamba amekalia kuti kavu, ingawa alikuwa amesimama. Walikuwa wameoana kwa mapenzi, wakavumiliana kwa ukata, na ilimuuma kufikiri kwamba ndoa yao inaweza kuvunjwa na kisanduku kimoja kilichojazwa vibaya.

Akarudisha kipande cha mwisho kwenye picha. Akamwita Mwalimu aone. Mwalimu anashuka, mto unabonyea, mwisho.

"Rudisha nyuma," Mwalimu alisema. Akarudisha. "Haya ni ya nani?"

"Ni... ni kiti tu, mama, kinabonyea."

"Sijauliza kiti. Nauliza yaliyokaa."

"Ya Mwenyekiti," fundi alisema.

Mkewe akageukia dirishani.

"Kwa hiyo mimi nikifika katikati nageuka mwanamume."

"Haionekani, mama."

"Imeonekana kwangu. Nimeishi na haya yangu mpaka uzee huu, leo ndio niazimwe ya watu?"

"Basi twende tukapige upya. Dakika moja tu. Unakaa, nakupiga, yamekwisha."

"Nimesema sikai mpaka nikae kule."

"Lakini mama, kule utakaaje bila kukaa huku?"

"Wewe ndiye fundi," Mwalimu alisema, akarudi kwenye jokofu lake.

*

Asiyekuwa na kingi hutumia alichonacho. Alichokuwa nacho fundi ni mama mkwe aliyefika katikati, basi. Hakuna namna ya kumshusha zaidi, maana hakushuka zaidi. Alizunguka chumba, akanywa maji, akarudi, akazunguka tena, na hapo ndipo likamjia wazo ambalo mtu mwenye akili zilizotulia asingelipata. Kama Mwalimu hashuki kwenye kiti, kiti kitampandia Mwalimu.

Alikikata kile kiti kutoka kwenye picha, kwa ustadi, akizunguka kila mguu na kila mkono wake, akaziba pengo kwa sakafu. Kisha akakiinua fremu kwa fremu, kidogo kidogo, mpaka kikamfikia. Safari hii hakuitaka GIF na ulafi wake wa kula rangi. Alijifunza aina mpya ya picha, nyepesi, inayocheza vile vile lakini inaacha rangi zote mahali pake. Na kilipofika kile kisanduku, aliandika moja. Akaitazama ile moja, akamwita mkewe naye aitazame.

Walisimama watatu mbele ya kabati, mchana, mapazia yamefungwa ili kioo cha kompyuta kionekane vizuri. Fundi akabonyeza. Mwalimu katika picha akageuka, akaanza kushuka. Akafika katikati. Na kiti chekundu, bila haraka, kikanyanyua miguu yake minne kutoka sakafuni, kikapanda kwa adabu zote, kikamgusa. Picha ikakoma.

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Fundi akafuata, na walicheka kicheko cha watu ambao hawajakaa siku nyingi, wakishikana mabega. "Kimemfuata!" mkewe alisema, akifuta machozi. "Kiti kimesalimu amri! Mama, umeona? Umekaa!"

Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameinama karibu na kioo.

"Kiti kama hiki kinauzwa wapi?" aliuliza.

Wakacheka zaidi. Mkewe akamgonga fundi mgongoni.

"Nauliza," Mwalimu alisema. "Kinauzwa wapi?"

Fundi alimgeukia ili aone kama ni mzaha, akaona si mzaha. Akatazama pale picha ilipokuwa imekoma. Ndipo alipouona uso. Rangi zote zilikuwepo sasa. Mwalimu alikuwa amefumba macho na kung'ata mdomo wa chini, jasho juu yake, na mkono mmoja umekamata gauni pajani kwa nguvu mpaka vifundo vya vidole vimeinuka. Fundi alikuwa ameipitia fremu ile mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani. Hakuwahi kuiona, kwa sababu alilipwa kutazama kiti. Na ile picha ndogo ilipotengenezwa, maumivu yote yalitupwa pamoja na rangi ili faili liwe jepesi, kikabaki cha kuchekesha peke yake, na hicho ndicho watu walichotumiana.

Fundi aliinua macho kutoka kwenye kioo.

"Mama," alisema. "Siku ile dukani. Kwa nini hukukaa?"

"Nilikwambia mimi sirudii."

"Si kurudia. Ile ya kwanza."

Mwalimu alinyoosha mgongo. Alitazama mapazia, akatazama binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile akaegemea ukuta.

"Magoti," alisema. "Yakifika hapo yanagoma. Kushuka siwezi, kuinuka ni kama nachomwa kisu. Benki nasema nitasimama, wanafikiri nawakimbia wanaocheka. Na kweli nawakimbia. Lakini hata wasingecheka nisingekaa."

"Tangu lini?" binti yake aliuliza.

"Ni zamani kidogo."

"Na usiku unalalaje?"

"Najiangusha. Nakipa kitanda mgongo, naachia."

Binti yake aliweka mkono mdomoni. "Ule mto..."

"Mto ni mimi."

Simu ya fundi iliita juu ya cherehani, jina la Mwenyekiti likawaka na kuzima, likawaka tena.

"Kwa nini hukutuambia, mama?" mkewe alilia sasa waziwazi. "Mimi ni nani kwako? Mpita njia?"

"Nikwambie nini? Kwamba Mwalimu amefika mahali hawezi hata kukaa? Wewe ungelia, kama unavyolia. Na wao wangenionea huruma. Heri wacheke wakidhani sitaki."

Fundi alitoka nje. Mkewe alifikiri amekimbia, na tayari alikuwa na neno la kumwambia, lakini alirudi na matofali kifuani, shati limejaa vumbi, akayamwaga sebuleni, akatoka tena. Alikivuta kiti cha mikono kutoka pembeni. Aliinua miguu ya mbele akaweka matofali, akaenda nyuma akaweka. Akasimama kando, akampima mama mkwe wake kwa jicho, akapima kiti. Bado. Akaongeza safu ya pili. Akakitikisa, akakikalia mwenyewe, akainuka, akasukuma tofali moja kwa kisigino mpaka likatulia.

Halafu akabaki amesimama mbele ya Mwalimu na mikono michafu, hajui aiweke wapi. Tangu aoe hakuwahi kumgusa mama mkwe wake zaidi ya kumpa mkono wa salamu. Akajifuta kwenye suruali.

"Nishike hapa, mama. Usishuke. Egemea nyuma tu."

Mwalimu aliutazama ule mkono. Kisha akaushika, na kwa mkono mwingine akamshika binti yake, akaegemea nyuma kidogo kidogo, akifumba macho na kung'ata mdomo, akisubiri pale mahali magoti yanapogoma. Kiti kilikuwepo kabla hajapafika.

Alikaa. Miguu yake ilining'inia kidogo, haikugusa sakafu, ndala moja ya mkwe wake ikamtoka ikaanguka. Alifumbua macho, akatazama sebule akiwa amekaa, kabati, cherehani, wale wawili waliomkodolea macho wakiwa wamesimama.

"Haya," alisema. "Na kuinuka je?"

Fundi na mkewe walitazamana. Huko hawakuwa wamefika.

"Nipo hapa, mama," fundi alisema. Bado alikuwa amemshika mkono. "Ukitaka kuinuka, sema tu."

"Sitaki," Mwalimu alisema, akaegemeza kichwa nyuma. "Ndiyo kwanza nimekaa."